Nani Amfunde Mwalimu wa Miaka ya Kati? Historia Fupi ya Mafunzo ya Walimu katika Shule za Kimataifa tangu 1924

1. Utangulizi

Historia ya elimu huandikwa aghalabu kwa kuhesabu sheria, mitaala na mitihani. Mwalimu hutajwa mwishoni, kana kwamba yeye ni mfereji tu wa kupitishia maji yaliyochotwa na wengine. Makala haya yanakusudia kuanza na mwalimu mwenyewe. Yanachunguza jinsi shule za kimataifa, yaani zile zilizoanzishwa kwanza kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wanaohama kutoka nchi hadi nchi, zilivyoshughulikia mafunzo ya walimu wa wanafunzi wenye umri wa miaka 11 hadi 16.

Hoja inayotetewa hapa ni moja. Mtaala mashuhuri wa miaka ya kati katika shule hizo ulibuniwa bila mtihani wa lazima kutoka nje na bila kitabu kimoja cha kufuatwa na wote. Kwa sababu hiyo, mwalimu ndiye aliyekuwa mtaala. Pale alipofundwa vema, programu ilisimama. Pale alipoachwa peke yake, ilibaki jina kwenye kibao cha shule.

Msomaji wa Kongo huenda akauliza shule hizo za wachache zinamhusu nini. Zinamhusu kwa njia mbili. Kwanza, hatua muhimu ya historia hii ilipigwa Moshi, nchini Tanzania, katika nchi inayosema Kiswahili. Pili, swali lililoulizwa huko ndilo linalowakabili leo walimu wa darasa la saba na la nane nchini Kongo, kama itakavyoonekana mwishoni.

2. Umri usio na shule yake

Jina "shule ya kati" si geni katika Afrika ya Mashariki. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950, shule ya kati ilikuwa na darasa la tano hadi la nane. Ilimpokea mtoto aliyekwisha kumaliza miaka minne ya kwanza, na ndani yake kilimo na kazi za mikono vilipewa nafasi kubwa. Mpango huo uliondolewa baada ya uhuru, na jina lake likabaki katika kumbukumbu za wazee.

Nchini Marekani, shule ya pekee kwa umri huo ilianza kuonekana mwaka 1909, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Ilipofika 1963, mtaalamu William Alexander, akihutubia katika Chuo Kikuu cha Cornell, alieleza kwamba shule za namna hiyo zilikuwa zimegeuka kuwa sekondari ndogo. Mtoto wa miaka 12 alifundishwa kama kijana wa miaka 17, ila kwa kitabu chembamba zaidi. Alitaka iwepo shule ya kati yenye tabia yake na walimu waliotayarishwa kwa ajili yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1973, waliofuata wazo hilo waliunda chama chao cha kitaifa. Shule nyingi za kimataifa zenye desturi ya Kimarekani zilichukua muundo huo. Katika desturi ya Ufaransa umri huo una "collège" yake, na katika desturi ya Uingereza ni miaka ya kwanza ya sekondari.

Saikolojia nayo iliupa umri huu uzito. Jean Piaget, aliyeongoza Ofisi ya Kimataifa ya Elimu mjini Geneva kuanzia 1929, alieleza kwamba karibu na miaka 11 au 12 mtoto huanza kuwaza juu ya mambo asiyoyaona kwa macho. Huanza kupima dhana na kuuliza "ingekuwaje kama...". Wakati huohuo mwili wake unabadilika, na maoni ya wenzake yanaanza kushindana na maneno ya wazazi. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa hilo anakutana na watu ambao si watoto tena na bado si watu wazima. Hata hivyo, kwa muda mrefu vyuo vilitayarisha mwalimu wa watoto wadogo upande mmoja na mwalimu wa somo la sekondari upande mwingine. Wa katikati alikuwa mmoja wa hao wawili aliyejikuta hapo.

3. Geneva: shule ilitangulia, mwalimu alifuata

Shule ya Kimataifa ya Geneva ilifunguliwa mwaka 1924 na watumishi wa Ushirika wa Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani. Walisaidiwa na Adolphe Ferrière, mmoja wa viongozi wa harakati za Elimu Mpya. Mji huo ulikuwa tayari na Taasisi ya Jean-Jacques Rousseau, iliyoanzishwa na Édouard Claparède mwaka 1912 kwa ajili ya sayansi ya elimu. Shule ilizaliwa basi karibu na chemchemi ya mawazo mapya. Walakini, walimu wake walitoka nchi mbalimbali, kila mmoja na mazoea ya chuo chake, na hapakuwa na chuo chochote duniani kilichofundisha kazi ya ualimu wa kimataifa.

Aliyejaribu kwanza kuyaandika maarifa ya kazi hiyo ni Marie-Thérèse Maurette, aliyeiongoza shule hiyo kuanzia 1929 hadi 1949. Mwaka 1948, kwa ombi la Unesko, aliandika kijitabu kilichouliza kama ziko mbinu za kuelimisha kwa ajili ya amani. Jibu lake lilitoka darasani. Alieleza jinsi jiografia inavyoweza kuanza na dunia nzima kabla ya kuifikia nchi ya mtoto, na jinsi lugha mbili zinavyoweza kutumika shuleni bila moja kuinamisha nyingine. Thamani ya kijitabu hicho ni kwamba kilihamisha amani kutoka kwenye hotuba na kukiweka kipindi cha somo mahali pake. Amani ikawa jambo ambalo mwalimu hulitayarisha jioni na kulifundisha asubuhi.

Mwaka 1949 wakuu wa shule kadhaa walikutana Paris chini ya Unesko. Mwaka uliofuata, 1950, kozi ya walimu waliopenda elimu ya kimataifa ilifanyika Geneva wakati wa likizo ya kiangazi. Kozi hiyo ni mzizi wa mengi yaliyofuata: walimu wa nchi mbalimbali walikaa pamoja kwa muda, wakitafuta maana ya kazi yao wenyewe. Mwaka 1951 iliundwa Jumuiya ya Shule za Kimataifa.

Mwaka 1962 mkutano mwingine uliitishwa Geneva, safari hii wa walimu wa historia, jiografia na masomo yanayofanana nayo. Mwandalizi wake alikuwa Robert Leach, mwalimu wa shule ya Geneva. Kutoka katika majadiliano ya miaka hiyo ulizaliwa mtihani mmoja wa kuingilia vyuo vikuu vya nchi mbalimbali. Shirika lake, Bakalorea ya Kimataifa, liliandikishwa Geneva mwaka 1968 na kuongozwa kwanza na Alec Peterson.

Mafanikio hayo yalizaa tatizo jipya. Bakalorea ilihusu miaka miwili ya mwisho ya sekondari tu. Mwalimu wa darasa la mwisho alipata mwongozo, mtihani na mikutano ya somo lake. Mwalimu wa mtoto wa miaka 12, katika jengo lilelile, hakupata kitu.

4. Moshi, 1980

Shule ya Kimataifa ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1969, wakati hospitali kubwa ya Kikristo ya Kilimanjaro, KCMC, ilipokuwa ikianzishwa na watumishi wake wa kigeni wakihitaji shule ya watoto wao. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya Mwalimu Nyerere kutoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ya Tanzania iache kumtenga mtoto na kazi na jamii yake. Shule ya kimataifa haikuwa chini ya mtaala huo wa taifa. Hata hivyo ilisimama katika nchi ambamo swali la kufaa kwa elimu lilikuwa likijadiliwa hadharani, shambani na bungeni.

Mjini Moshi, mwaka 1980, Jumuiya ya Shule za Kimataifa ilifanya kongamano juu ya mahitaji ya mtoto katika miaka ya kati ya shule, kuanzia miaka 11 hadi 16. Shule za Afrika, hasa ya Moshi na ya Lusaka, zilikuwa mstari wa mbele. Mashaka yao yalikuwa wazi. Wanafunzi waliandaliwa kwa mitihani iliyotungwa Ulaya, kisha wakatazamiwa kuingia katika Bakalorea iliyodai fikra huru na mtazamo wa dunia nzima. Njia na mwisho wa safari havikulingana.

Inafaa kuangalia namna swali lilivyowekwa. Kongamano halikuanza na orodha ya masomo. Lilianza na mtoto na mahitaji yake. Anayeanza hapo hulazimika, hatua ya pili, kumfikia mwalimu, kwa kuwa hakuna kitabu kinachoyajua mahitaji ya mtoto aliyeketi dawati la tatu.

5. Mtaala bila kitabu

Kazi iliendelea katika mikutano mingine, ukiwamo ule wa 1983 katika Shule ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Watu wawili walikuwa nguzo zake: Robert Belle-Isle, na Gérard Renaud, mwalimu wa zamani wa falsafa aliyekuwa ameliongoza shirika la Bakalorea baada ya Peterson. Mtaala wao ulijaribiwa katika shule chache, zikiwamo za Québec, Argentina na Uholanzi. Mwaka 1992 shirika la Bakalorea liliupokea, na mwaka 1994 ukatangazwa kwa jina la Programu ya Miaka ya Kati.

Nguzo za programu zilikuwa tatu: kumkuza mtoto mzima, kuzielewa tamaduni nyingi, na mawasiliano. Masomo yalipangwa katika makundi manane. Kati ya masomo hayo zilipita njia tano za kuyaunganisha: kujifunza namna ya kujifunza, huduma kwa jamii, mazingira, afya na maisha ya jamii, na ubunifu wa mwanadamu. Mwanafunzi alifunga miaka yake mitano kwa kazi ya binafsi aliyoichagua mwenyewe. Mwalimu ndiye aliyetoa alama kwa vigezo vilivyoandikwa, na shirika liliweza kuangalia sampuli za usahihishaji wake.

Jambo la kushangaza katika mpango huo ni kile kisichokuwemo. Hakikutajwa kitabu cha kiada. Haikuandikwa orodha ya mada za kila juma. Mwalimu aliyezoea kufungua ukurasa wa 40 siku ya Jumatatu alijikuta mbele ya meza tupu.

6. Mwalimu alidaiwa nini?

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa dai hilo. Ichukuliwe mada ya maji katika shule iliyo kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Mwalimu wa sayansi ataeleza mvuke na mvua. Wa jiografia atawapeleka wanafunzi kwenye mifongo, ile mifereji ya kale ya Wachaga inayoteremsha maji ya mlima hadi migombani. Wa hisabati atawafundisha kupima kiasi cha maji yanayopita kwa dakika. Wa lugha atawatuma kwa wazee waulize maji yaligawanywa kwa zamu gani, na nani aliadhibiwa alipoiba zamu ya jirani.

Mada ni nzuri, lakini haiwezi kufundishwa na mtu mmoja. Walimu wanne wanapaswa kukaa meza moja kabla ya muhula, wakubaliane ni swali gani linaongoza, nani atangulie, na kazi ya mwanafunzi itapimwa kwa vigezo gani. Mwalimu wa sekondari, aliyekomaa katika somo lake na kulifunga darasa lake nyuma yake, hakufundishwa hayo chuoni. Kadhalika hakufundishwa kupima bila kupanga watoto kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kutoa alama kwa vigezo ni kusema mwanafunzi ameweza nini na bado hajaweza nini, ilhali mazoea ya shule nyingi ni kusema amemshinda nani.

Hivyo shirika liliweka sharti kwamba shule inayotaka kibali ipeleke walimu wake kwenye warsha na iwatengee muda wa kupanga pamoja. Vyama vya kikanda navyo vilitoa mchango. Barani Afrika, jumuiya ya shule za kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1969 na inayojulikana kwa kifupi kama AISA, imekuwa ikiwakutanisha walimu ambao katika nchi zao huenda wasipate mwenzao hata mmoja wa somo lao.

7. Warsha na mkataba

Hata hivyo, njia ya warsha ina udhaifu wake, na udhaifu huo una sababu zinazoeleweka. Warsha ya kawaida huchukua siku tatu. Mwalimu hurudi na jalada, hufundisha kwa ari mwezi wa kwanza, kisha kengele, vikao na madaftari humrudisha alikotoka. Alichojifunza peke yake hotelini hana wa kukijadili naye shuleni.

Sababu ya pili ni mkataba. Mwalimu wa kigeni katika shule hizi huajiriwa mara nyingi kwa miaka miwili. Akiondoka, mafunzo yaliyolipiwa na shule huondoka naye katika sanduku lake, na anayekuja huanza upya. Anayebaki ni mwalimu wa nchi yenyewe. Yeye anawajua watoto waliopita, anawajua majirani na anaijua lugha. Mara nyingi hulipwa kwa ngazi nyingine, na jina lake huwa mwishoni orodha ya safari inapoandikwa. Shule ikifanya hivyo hufunda anayepita na kumwacha anayekaa.

Shule zilizoelewa jambo hilo ziligeuza utaratibu. Zilifanya mkutano wa kupanga pamoja kuwa sehemu ya ratiba ya kila juma, zikawaruhusu walimu kuingia katika darasa la mwenzao na kutazama, na zikasahihisha kazi moja ya mwanafunzi kwa mikono mitatu ili kulinganisha vipimo. Mafunzo ya namna hiyo hayahitaji tiketi ya ndege. Yanahitaji saa moja, mlango ulioachwa wazi, na mkuu wa shule asiyeichukua saa hiyo kwa shughuli nyingine.

Mwaka 2014 programu ilirekebishwa. Zile njia tano zilibadilishwa na miktadha sita ya dunia, na mwaka 2016 mitihani ya kompyuta ilianza kwa shule zilizoitaka. Baadhi ya walimu waliyaona mabadiliko hayo kuwa msaada, kwani mtihani humpa mwalimu mgeni mahali pa kushika. Wengine waliona hatari ya kurudi kwenye mazoea ambayo kongamano la Moshi lilitaka kuyaepuka. Wakati huohuo programu ilikwisha kutoka katika shule za watoto wa kigeni. Shule nyingi za serikali nchini Kanada na Marekani zimeichukua. Shule ya Moshi yenyewe iliingia mwaka 2019 katika umoja wa vyuo wa UWC.

8. Kiswahili katika darasa la miaka ya kati

Kwa wasomi wa Kiswahili kuna jambo la ziada. Tangu mwanzo programu iliwataka wanafunzi wajifunze lugha mbili angalau: ile wanayoimudu na nyingine wanayoanza. Katika Diploma ya Bakalorea, Kiswahili kimo katika orodha ya lugha. Katika shule za Afrika ya Mashariki mwalimu wa Kiswahili huwa, kwa kawaida, ndiye mwalimu wa nchi yenyewe aliyetajwa hapo juu.

Mwalimu huyo hukabiliwa na darasa moja lenye mtoto wa Arusha anayeota kwa Kiswahili, mtoto aliyezaliwa Ulaya na wazazi Waswahili, na mtoto aliyewasili juma lililopita bila neno moja. Chuoni alifundishwa ngeli, ushairi na riwaya. Kufundisha ngeli kwa mtu ambaye hajawahi kusikia "kiti hiki" ni ufundi mwingine kabisa. Bila mafunzo ya ufundi huo, somo hugeuka kuwa nyimbo na salamu, na Kiswahili kinaonekana lugha ya mapambo katika shule iliyojengwa katika nchi yake. Kozi za vyuo vikuu juu ya kufundisha Kiswahili kwa wageni zina kazi kubwa hapa, kazi ambayo vyuo vya Kongo pia vinaweza kuibeba.

9. Hitimisho

Nchini Kongo, miaka miwili ya kwanza ya sekondari iliwekwa kuwa kipindi cha mwelekeo katika marekebisho ya 1961, mwaka uleule ambapo Taasisi ya Taifa ya Pedagojia ilianzishwa Kinshasa kwa msaada wa Unesko. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 iliiunganisha miaka hiyo miwili na ile sita ya msingi, ikafanya elimu ya msingi ya miaka minane. Kwa karatasi, mtoto wa darasa la saba na la nane amepata makao. Darasani bado anatoka kwa mwalimu mmoja aliyemjua kwa jina na kuingia kwa walimu kumi wanaomjua kwa somo.

Hakuna haja ya kuiga programu ya Geneva ili kulitazama tatizo hili. Gharama zake hazifai shule ambayo mshahara wa mwalimu wenyewe unachelewa. Lakini kuna fundisho moja katika historia hii lisilo na bei: mwalimu hufundwa vizuri zaidi na wenzake, mahali pale anapofundisha, juu ya watoto walewale anaowafundisha. Shule za Kongo zinakijua chombo hicho kwa jina la Kifaransa, "cellule pédagogique", yaani kikao ambamo mwalimu mmoja hutoa somo mbele ya wenzake nao wakalijadili. Mara nyingi kikao hicho kimebaki daftari la kutiwa sahihi mkaguzi anapokuja.

Walimu wa shule za kimataifa walihitaji zaidi ya nusu karne, kutoka kozi ya 1950 hadi leo, kutambua kwamba safari ndefu za mafunzo hazina faida ikiwa hakuna meza ya kurudia. Shule za Kongo zina meza hiyo tayari. Kilichobaki ni kuketi.